Je, Wajua? Mfumo Mwepesi kwa Kompyuta Kuukuu

Je, wajua kwamba kompyuta nyingi zinazoitwa "zimekufa" hazina hata kifaa kimoja kilichoharibika? Prosesa inapiga hesabu kwa kasi ileile iliyotoka nayo kiwandani, kibodi inaandika, kioo kinawaka. Kilichobadilika ni programu zinazopakiwa juu yake, ambazo kila mwaka zinadai zaidi. Safu ya leo ni ya mwenye mashine ya namna hiyo: RAM ya MB 512 au GB 1, iliyonunuliwa mtumba, iliyoachwa na ofisi, au iliyorithiwa kwa kaka aliyemaliza chuo.

Je, wajua tarehe zenyewe? Windows XP ilitoka 25 Oktoba 2001, na Microsoft ikaacha kuitunza 8 Aprili 2014. Windows 7 ikafuata 14 Januari 2020. Windows 10 ikafikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha maalumu. Kwa upande wa Intel orodha hiyo kwa jumla inaanzia kizazi cha nane cha Core, kilichotoka 2017. Kulazimisha kupiga Windows mpya kwenye mashine ya 2008 ni kuitesa mashine na kujitesa mwenyewe.

Kabla ya kuuliza mfumo endeshi upi ni mwepesi, uliza prosesa yako ni ya biti ngapi, 32 au 64. Jibu la swali hili ndilo linalofunga au kufungua milango yote mingine. AMD ilileta biti 64 kwenye kompyuta za kawaida mwaka 2003 kwa Opteron na Athlon 64. Core 2 Duo za Intel, zilizoanza 2006, nazo ni za biti 64. Lakini Atom N270 ya mwaka 2008, iliyojaa kwenye vile vilaptopu vya inchi 10 vilivyopendwa sana na wanafunzi, ni biti 32 tupu. Kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa peke yake hausemi kitu.

Na je, wajua kwamba Windows ya biti 32 inaweza kuwa imekaa juu ya prosesa ya biti 64? Imetokea kwa mamilioni ya mashine, kwa sababu zamani CD ya Windows ya biti 32 ndiyo iliyokuwa inazunguka mitaani kwa mafundi. Mtu anafungua sifa za mfumo, anaona "32", anakata tamaa bure. Njia ya uhakika ni kuwasha mfumo endeshi wowote wa Linux wa biti 32 kutoka kwenye flashi, kufungua terminali na kuandika lscpu. Mistari ya mwanzo kabisa itakuambia prosesa inakubali hali zipi. Ukiona 64-bit imetajwa, una nafasi kubwa kuliko ulivyodhani.

Wa biti 32 na wahesabu milango iliyofungwa. Google iliacha kutoa Chrome ya Linux ya biti 32 mwezi Machi 2016. Ubuntu iliacha kutoa diski ya usakinishaji ya eneokazi ya biti 32 kuanzia toleo la Oktoba 2017. Debian, mama wa mifumo mingi myepesi, ilitoa toleo la 13 tarehe 9 Agosti 2025 bila kisakinishi wala kiini (kernel) cha biti 32 kwa kompyuta za kawaida. Firefox ya kawaida ya Linux ya biti 32 iliishia toleo la 144 mwaka huohuo.

Bado kuna dirisha. Debian 12, iliyotoka 10 Juni 2023, ina biti 32 na inatunzwa kwa mpango wa muda mrefu hadi Juni 2028. Firefox 140 ya muda mrefu nayo imeahidiwa kutunzwa kwa biti 32 angalau hadi Septemba 2026. Mwenye Atom N270 asinunue ndoto za miaka kumi. Ajue ana miaka michache ya kufanya kazi kwa usalama, na aitumie vizuri.

Je, wajua kwamba Linux yenyewe ilizaliwa kwenye prosesa ya 386 na baadaye ikaiacha? Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliitangaza kazi yake Agosti 1991 akiiandika kwa ajili ya 386. Toleo la 3.8 la kiini, lililotoka Februari 2013, liliondoa 386 kabisa.

Zipo amri ndogo ndani ya prosesa ambazo mnunuzi wa kawaida hajawahi kuzisikia, nazo ndizo zinazoamua. Mojawapo inaitwa SSE2. Pentium 4 ya mwaka 2000 inayo. Pentium III haina, na Athlon XP haina. Tangu Firefox 53, iliyotoka Aprili 2017, kivinjari hicho kwenye Linux hakikubali prosesa isiyo na SSE2. Hivyo mashine ya Pentium III hata ukiijaza RAM kiasi gani, Firefox ya leo haitafunguka humo. Iache iwe mashine ya kuchapia barua na kuchezea michezo ya zamani.

Sifa nyingine inayoamua, ingawa si amri, ni PAE, njia ya prosesa ya biti 32 kufikia RAM kubwa zaidi. Baadhi ya prosesa za Pentium M za mwanzoni zinaweza kuifanya kazi hiyo lakini hazijitangazi kwamba zinaweza, na kisakinishi kinazikataa. Watengenezaji wa Linux wakaongeza neno la kuandika wakati wa kuwasha, forcepae, na mashine inapita.

Sasa tuje kwenye RAM. Mfumo wenyewe wa Linux si mzito. Uzito unaanzia kwenye eneokazi, yaani menyu, madirisha, vivuli na picha zinazocheza. Eneokazi la GNOME la Ubuntu ya leo linakula zaidi ya GB 1 kabla hujafungua chochote. Xfce, aliyoianzisha Olivier Fourdan mwaka 1996, inakula chini ya hapo kwa mbali. LXDE ilianzishwa Taiwan na Hong Jen Yee mwaka 2006 kwa nia hasa ya kuhudumia mashine dhaifu, na LXQt ni mrithi wake. Chini kabisa ya ngazi wako wasimamizi wa madirisha watupu, kama IceWM, JWM, Fluxbox na Openbox, ambao kazi yao ni kuchora fremu ya dirisha na menyu, basi.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu: wanabadilisha usambazaji mmoja wa Linux kwa mwingine huku wakibaki na eneokazi lilelile. Debian yenye GNOME na Debian yenye IceWM ni ndugu wa damu moja, lakini kwenye RAM ya MB 512 mmoja anatembea na mwingine hainuki kitandani.

Je, wajua antiX? Kama ningeombwa kutaja mfumo mmoja tu kwa mashine ya kweli ya zamani, ningeutaja huu bila kusita. Umejengwa juu ya Debian imara, hautumii systemd (programu inayoanzisha huduma za mfumo kwenye Linux nyingi), na kiongozi wake yuko Ugiriki, akijulikana mtandaoni kwa jina la anticapitalista. Toleo la 23, lililotoka Agosti 2023 juu ya Debian 12, lina biti 32 na 64. Linakuja kwa saizi nne, kuanzia iliyojaa programu hadi ile ambayo unaijenga mwenyewe kuanzia chini.

Ukiiwasha kutoka kwenye flashi, inafunguka bila kugusa diski yako. Jina la mtumiaji ni demo, neno la siri ni demo. Utaona upau chini, na pembeni ya kioo maandishi yanayobadilika kila sekunde: prosesa inafanya kazi asilimia ngapi, RAM imetumika kiasi gani. Mashine ikiwa imetulia, namba ya RAM hukaa chini ya MB 250. Iache hapo, fungua kivinjari, kisha itazame namba hiyo. Katika nusu dakika utakuwa umeelewa kompyuta yako kuliko maelezo ya kurasa kumi.

Puppy Linux ni habari nyingine. Barry Kauler wa Australia aliitoa mwaka 2003 na kuipa jina la mbwa wake. Inajipakia yote kwenye RAM, na RAM ikitosha unaweza kuchomoa flashi huku kazi ikiendelea. Kwa hiyo laptopu ambayo diski yake imekufa inaweza kuishi bila diski. Ukizima, inakuuliza kama uhifadhi ulichofanya. Ukijibu hapana, kila kitu kinafutika, na kesho inaamka kama jana. Kwa mashine inayochezewa na watoto wa mtaa mzima hiyo ni neema. Kwa mwenye kuandika tasnifu ni hatari, basi ajibu ndiyo kila mara na anakili kazi yake pengine. Jingine la kuzingatia: kwa kawaida yake Puppy inakuingiza kama mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote, kwa hiyo mimi nisingeitumia kwa mambo ya benki.

Wapenzi wa udogo nao wana mashujaa wao. Tiny Core, kazi ya Robert Shingledecker, ina ukubwa wa MB 20 na kidogo ikiwa na eneokazi lake. Damn Small Linux ya John Andrews ilijiwekea mpaka wa MB 50, itoshe kwenye CD ndogo ya ukubwa wa kadi ya biashara. Baada ya miaka mingi ya kulala ilirudi mwaka 2024 juu ya antiX, safari hii ikijipimia kwa CD nzima. KolibriOS, iliyoandikwa kwa lugha ya asembli, inaingia kwenye flopi ya MB 1.44 na kutosheka na RAM ya MB 8.

Inasisimua, na ninaipenda kazi ya watu hawa. Lakini usichague mfumo kwa udogo wa faili la kupakua. Faili linakuwa dogo kwa sababu programu zimeachwa nje, nawe utazihitaji. Ukishaongeza kivinjari na programu ya kuandikia, Tiny Core na antiX zinakaribiana, tofauti ni kwamba kwa antiX kazi hiyo umeshafanyiwa.

Kivinjari ndicho kinachoamua kila kitu. Mwaka 2016 ilionekana kwamba wastani wa ukurasa mmoja wa wavuti umefikia ukubwa wa faili la kusakinishia mchezo wa Doom wa mwaka 1993, yaani zaidi kidogo ya MB 2. Tangu hapo kurasa hazijapungua. Tovuti ya gazeti yenye matangazo, video zinazojicheza na vifuatiliaji inaweza kudai mamia ya megabaiti za RAM peke yake. Ndiyo maana mtu anasakinisha mfumo wa MB 200, anafungua vichupo vitano, na mashine inaganda. Kisha anailaumu Linux.

Dawa ya kwanza haina gharama: kizuizi cha matangazo cha uBlock Origin, kilichoandikwa na Raymond Hill. Kwenye mashine dhaifu kinafanya zaidi ya kuondoa kero, kwa sababu kinazuia programu za matangazo zisipakiwe kabisa, na tofauti ya kasi inaonekana kwa macho. Ya pili ni nidhamu ya vichupo: viwili, vitatu, si kumi. Ya tatu ni kutafuta njia ya pembeni. Video ya YouTube inayokatakata ndani ya kivinjari mara nyingi inacheza sawasawa ukiifungua kwa programu ya mpv katika ubora wa chini. Barua pepe inaweza kusomwa kwa programu yake badala ya ukurasa wa wavuti.

Dillo ni kivinjari kidogo sana kinachofunguka papo hapo, na baada ya ukimya wa miaka kama tisa kilitoa toleo jipya mwaka 2024. NetSurf ni mwenzake. Lynx, kilichoanzia Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1992, kinaonyesha maandishi matupu na bado kinatunzwa. Kwa kusoma Wikipedia vinatosha. Kwa kujaza fomu za maombi ya mkopo wa chuo au kuingia kwenye tovuti za serikali havitoshi, kwa kuwa tovuti hizo zinategemea JavaScript, nayo haifanyi kazi ipasavyo humo.

Mwenye steshenari aulize jambo moja zaidi: wateja wake wanaleta nini? AbiWord ni nyepesi na inaandika barua vizuri. Ila mteja akija na CV ya .docx yenye jedwali na picha ya pasipoti pembeni, AbiWord inaweza kuivuruga mpangilio. LibreOffice ni nzito kufunguka, lakini ikishafunguka inaheshimu faili hilo zaidi. Kwa kazi ya kulipwa ningevumilia uzito huo. Na printa ijaribiwe kabla ya kuaga mfumo wa zamani.

Je, wajua kwamba RAM ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia vitu kwenye diski? Kwenye diski ya kuzunguka kazi hiyo ni kama kumtuma mtoto dukani kwa kila punje ya chumvi inayotakiwa jikoni. Taa ya diski haizimi, kipanya kinakwama, na mtu anafikia swichi ya ukutani. Linux ina dawa yake ya ndani inayoitwa zram, iliyoingia rasmi kwenye kiini toleo la 3.14 mwaka 2014. Inakata sehemu ya RAM, inabana data ndani yake, na hivyo MB 512 zinabeba zaidi ya MB 512. Prosesa inalipa gharama ya kubana na kubanua, lakini gharama hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na safari ya kwenda diskini.

Na hakuna mfumo endeshi unaoishinda SSD, yaani diski isiyozunguka. Ukiwa na fedha ya kifaa kimoja tu, nunua SSD ndogo ya SATA hata ya GB 120. Fedha ikibaki, ongeza RAM. Kwanza hakikisha kiunganishi cha diski ni SATA, maana laptopu za kabla ya katikati ya miaka ya 2000 zinatumia IDE yenye pini nyingi, na kwa hizo utahitaji adapta. RAM nayo ina vizazi visivyoingiliana: DDR, DDR2 na DDR3 kila kimoja kina mkato wake mahali pake. Nenda dukani na kipande cha zamani mkononi.

Lipo tatizo moja linalowasumbua watu wengi na kuwafanya waitupe mashine nzima, wakati kinachotakiwa ni betri bapa ya mviringo. Mashine inawaka, Wi-Fi inashika, lakini kila tovuti inakataa kufunguka ikidai muunganisho si salama. Tazama saa pembeni ya kioo: inasema ni Januari 2005. Betri ya CR2032 ya volti 3 kwenye ubao mama imeisha, kwa hiyo kila umeme ukikatika saa inarudi mwanzo. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa kompyuta inayoamini iko 2005, vyeti vyote bado havijaanza kutumika. Badilisha betri, rekebisha saa, tovuti zinafunguka. Kwenye kompyuta ya mezani ni kazi ya dakika tano na bisibisi moja.

Ndugu wa tatizo hilo alijitokeza 30 Septemba 2021, cheti kikuu kilichokuwa kikiegemewa na Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya tovuti, kilipoisha muda. Simu na kompyuta zisizopokea masasisho kwa miaka zikajikuta zimefungiwa nje ya tovuti nyingi. Mfumo mwepesi usiosasishwa utakupeleka palepale, hata uwe mwepesi namna gani.

Basi XP? Wapo wanaosema XP ndiyo mfumo mwepesi kuliko yote, na kwa RAM hawakosei sana. Lakini tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani na kukwamisha hospitali za umma za Uingereza, hadi Microsoft ikalazimika kutoa kiraka hata kwa XP iliyokwisha kuiacha. Kama XP inaendesha mashine ya kukata vinyl au programu ya zamani ya hesabu isiyo na mbadala, iache iendelee, ila chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi. Na flashi za watu zisiingie humo bila kukaguliwa.

Je, wajua kwamba mashine nyingi za zamani hazijui kuwaka kutoka kwenye flashi? Kwenye BIOS utaona flopi, diski na CD tu. Choma CD ya kawaida kama kiendeshi chake bado kinasoma, au tumia Plop, programu ndogo ya Elmar Hanlhofer wa Austria: unaiwasha kutoka kwenye CD au flopi, nayo inaikabidhi kazi flashi.

Kikwazo kingine cha kuwasha kipo pia. Baadhi ya mashine, zikiwamo Mac za Intel za mwanzoni, zina prosesa ya biti 64 lakini programu ya kuwashia ya biti 32. Diski ya kawaida ya biti 64 haiwaki humo, na mwenyewe anadhani ameipakua vibaya.

Wi-Fi ijaribiwe ukiwa bado kwenye flashi, kabla ya kufuta chochote. Kadi nyingi zinahitaji kipande cha programu cha mtengenezaji, ambacho si huria. Debian kwa miaka mingi ilikiweka kando, na mtu akamaliza kusakinisha bila mtandao wa kumwezesha kukipata. Kuanzia Debian 12 vipande hivyo vimo ndani ya kisakinishi rasmi. Uamuzi huo ulijadiliwa kwa uchungu na watu wa programu huria, nami nawashukuru waliouamua, maana aliyeko mbali na mji hana njia nyingine.

Sasa tuchague kwa kipimo cha RAM. Mashine yenye MB 256 au chini yake: Tiny Core, au FreeDOS. Hii ya pili ilianzishwa na Jim Hall mwaka 1994, Microsoft ilipoonyesha kwamba siku za MS-DOS zinahesabika, na toleo la 1.4 limetoka 2025. Yenye MB 512 hadi GB 1: antiX. Yenye GB 1 hadi 2 na mtumiaji aliyezoea sura ya Windows: Q4OS yenye eneokazi la Trinity, ambalo mtu wa XP atalikuta limekaa kama anavyolijua. Yenye GB 2 na biti 64: MX Linux ya Xfce au Lubuntu. Yenye GB 4 na SSD hata si kuukuu; weka Linux Mint ya Xfce uendelee na maisha.

Haiku naitaja kwa upendo tu. Ni mwendelezo wa mfumo wa zamani wa BeOS, kazi ya watu wa kujitolea tangu 2001, unawaka kwa kasi ya kushangaza, lakini bado uko kwenye majaribio na kadi nyingi hauzitambui.

Shule yenye kompyuta ishirini kuukuu haihitaji kuzifufua moja moja. Mradi wa LTSP, ulioanza 1999, unaziwasha zote kupitia waya wa mtandao kutoka kwenye mashine moja yenye nguvu. Katika mpangilio wake wa mwanzo kazi ilifanyika kule na zile kuukuu zilionyesha picha tu; hazihitaji hata diski. Fundi anatunza kompyuta moja badala ya ishirini na moja.

Rwanda iliwahi kusambaza zaidi ya laki moja ya zile laptopu ndogo za kijani za mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Laptopu hiyo, iitwayo XO, katika toleo lake la kwanza ilikuwa na prosesa ya MHz 433, RAM ya MB 256 na hifadhi ya GB 1, ikaendesha Linux yenye msingi wa Fedora na kiolesura cha Sugar kilichochorwa kwa ajili ya watoto. Namba hizo ni ndogo kuliko za laptopu nyingi zinazokaa kabatini leo.

Je, wajua kwamba Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa OpenOffice kwa Kiswahili, ikiitwa Jambo OpenOffice? Programu huria ndiyo iliyotoa nafasi hiyo, kwa kuwa mtu hahitaji kibali cha kampuni kutafsiri menyu.

Na Kiwix, iliyoanza 2007, inaipakia Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye faili moja linalosomeka bila intaneti. Ukiweka antiX, Kiwix na faili hilo kwenye mashine isiyofaa kitu kingine, shule isiyo na mtandao imepata maktaba.

Umeme nao uhesabiwe. Baadhi ya Pentium 4 za mezani za aina ya Prescott, zilizoanza 2004, zilikadiriwa joto la hadi wati 115 kwa prosesa peke yake. Atom N270 imekadiriwa wati 2.5. Mashine ya kwanza ikiwashwa saa kumi kwa siku kwenye ofisi inayolipa luku, ndani ya miaka michache bili inaweza kuzidi bei ya kompyuta ndogo ya mtumba ya miaka ya 2010. Pentium 4 ya mezani ningeitumia kwa kazi za mara moja moja tu. Laptopu ya enzi hiyohiyo ningeipigania.

Hata hivyo kutupa kuna gharama isiyoonekana kwenye luku. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa wa 2004 ulikadiria kwamba kutengeneza kompyuta moja ya mezani na kioo chake cha inchi 17 kulitumia angalau kilo 240 za nishati ya visukuku, kilo 22 za kemikali na kilo 1,500 za maji. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Je, wajua, mwisho, kwamba mashine za biti 32 zina tarehe yao iliyoandikwa ndani? Programu nyingi za zamani zinahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa namba ya biti 32, na nafasi itajaa Jumanne ya 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata zitajikuta Desemba 1901. Debian 13 ilihamisha vifaa vyake vya ARM vya biti 32 kwenye hesabu ya biti 64, lakini programu za biti 32 za kompyuta za kawaida iliziacha na hesabu ya zamani, ili zile zilizoandikwa miaka iliyopita ziendelee kufunguka.